Uzi wa Daktari na Mtoto Niliyemwacha Mhunze

Miaka yote niliyougua, kila aliyeniuliza naumwa nini nilimjibu kwamba ni kiuno. Kiuno ni ugonjwa wa heshima. Mwanamke akisema kiuno, wenzake humpa pole, humwambia apunguze kubeba maji, na mazungumzo huishia hapo. Mimi sikuumwa kiuno. Ugonjwa wangu ulikuwa kando ya njia ya haja kubwa, nami nauandika waziwazi kwa sababu najua kuna mtu leo hii, mwanamke au mwanamume, anayekalia tako moja kwenye kigoda na kuwaambia watu kwamba ni kiuno.

Naitwa Kabula. Mume wangu, Masanja, alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu kule Geita, na tulikaa kambini katika nyumba za safu, ukuta mmoja na jirani. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha na askari waliokwenda mbali walikuwa wakirudi mmoja mmoja nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana. Alizaliwa jua likiwa utosini, tukamwita Limi, yaani jua kwa Kisukuma.

Limi alikuwa hajajua kukaa nilipopata uvimbe mdogo kama njugu mawe karibu na tundu la haja. Ukakua ukawa kama yai la kanga. Homa ikanishika, kukaa nikashindwa, mtoto nikawa namnyonyesha nimelala kwa ubavu. Siku moja nikisonga ugali jipu likapasuka lenyewe, usaha ukatiririka mpaka kisiginoni. Maumivu yalitulia palepale. Nilimshukuru Mungu huku nimeshika mwiko, nikaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Tundu lilifunga, likajaa, likapasuka tena. Likawa halikauki. Nilijifunga vitambaa kama mwanamke aliye katika siku zake, ila siku zangu hazikuwa na mwisho. Nilivifua kabla jirani hajaamka na kuvianika ndani, nyuma ya mlango. Harufu haikufuliki. Masanja alirudi kutoka chini ya ardhi na uchovu wake, nami nilimgeuzia mgongo nikimwambia naumwa kiuno. Hakuwahi kunikaripia. Afadhali angenikaripia. Ndugu zake walimshauri aoe mke wa pili, akawajibu kwamba mke anaye, anaumwa tu. Maneno hayo niliyasikia kupitia ukutani, na badala ya kunipoza yalinichoma.

Mwishowe nilimwambia ukweli. Akauliza, "Mama Limi, tangu lini?"

"Tangu mtoto hajakaa."

"Na sasa anatambaa." Alitikisa kichwa. "Umebeba peke yako muda wote huo kwa nini?"

Alinipeleka kwa mganga upande wa Bugarama, mzee msafi na mpole ambaye sina neno baya juu yake. Alinipa unga wa mizizi wa kutia katika tundu na mwingine wa kunywa. Tundu lilikauka tukafurahi. Watu walipoanza kung'oa karanga, uvimbe ukajitokeza mahali pengine, karibu na paja, nao ukapasuka. Sasa kidonda changu kilikuwa na midomo miwili.

Ndipo mganga msaidizi wa zahanati ya mgodi aliponitazama, mke wake akiwa amesimama pale ili nisione haya sana. Akasema, "Hii si jipu, mama. Inaitwa nasuri. Ndani kuna njia imejichimba kutoka kwenye utumbo mpaka nje. Ukiziba huku, inatokea kule. Nenda Shinyanga kwenye hospitali ya misheni. Yuko daktari anayekata."

Tulipanda lori mpaka ziwani, tukavuka, na Mwanza tukapanda gari moshi. Safari yote nilikaa kwa upande huku Limi akinyonya. Hospitali haikupokea mtoto anayenyonya pamoja na mama wa kupasuliwa, kwa hiyo tulipitia kwanza Mhunze, kwa wifi yangu Ngolo, dada mkubwa wa Masanja.

Ngolo alikuwa ameolewa akaachwa kwa kukosa mtoto, na ng'ombe wa mahari wakarudishwa kwa mumewe. Aliishi peke yake katika kaya ya marehemu wazazi wao, akilima uwele na pamba. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache. Tulipofika hakuuliza habari ndefu. Alinyoosha mikono.

"Nipe huyo," alisema.

Limi alimtazama, akamshika sikio, akacheka. Ngolo alimfunga mgongoni akaendelea kupepeta uwele kana kwamba mtoto amekuwapo mgongoni pake siku zote. Nilipoondoka, Limi alikuwa amelala. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuniona nikiondoka. Siku hizi natamani angeniona.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma. Yule aliyelala jirani yangu alitoka Runzewe, Msumbwa mnene mwenye pengo, Mama Paskali. Asubuhi ya kwanza tulitazamana tukiwa tumekaa wote kwa tako moja.

"Na wewe kiuno?" akaniuliza.

"Kiuno," nikajibu.

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka juu ya jambo lile, na sijui kama ipo dawa niliyopewa pale iliyonifaa kuliko kicheko hicho.

Mara ya kwanza daktari alilifungua tundu akalifanya mtaro wazi. Nilipozinduka, maumivu ya nyuma yalinikuta pamoja na maumivu ya mbele: maziwa yalikuwa yamejaa, matiti magumu kama mawe, na mtoto yuko Mhunze akinywa uji na maziwa ya ng'ombe. Mama Paskali alinisaidia kukamua, akanifunga kifua kwa kitambaa. Maziwa yakaloanisha kitambaa cha juu, damu ikaloanisha cha chini.

Kila asubuhi na kila jioni nilikalia karai la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kisha muuguzi alishindilia shashi katika kidonda ili kisifunge mdomo kabla ndani hapajajaa nyama. Shashi ya jana ilipotolewa niliuma upindo wa shuka. Kwenda haja nilikuogopa kama mtu anavyoogopa kuchapwa, nikawa najinyima chakula. Muuguzi aligundua akanigombeza. "Ukijinyima, choo kinakuwa kigumu, kinachana upya. Kula mboga, kunywa maji." Alisema kweli. Wewe unayesoma usijinyime.

Nilipopewa ruhusa niliambiwa nisibebe kitu kizito, hata mtoto. Nilirudi Mhunze. Limi alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Alinitazama, akatazama kifua changu, akaenda kwa Ngolo.

"Mwache hapa mpaka upate nguvu," Ngolo alisema. "Pamba ikishachumwa, utakuja kumchukua."

Nilikubali upesi, nikasema asante huku nikilia, na watu wakadhani nalia kwa kumwacha mtoto. Nililia kweli kwa kumwacha. Lakini ndani kabisa, chini ya kilio, nilipumua. Sikuwa tena na mtu wa kumbeba wala kumwinamia, wala kuamka kwa ajili yake na kile kidonda. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho. Hakuna aliyeniona nikipumua, ila nimeishi na ile pumzi kuliko nilivyoishi na kovu.

Pamba ilichumwa, nami sikwenda. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, nikaanza hata kuchota maji, na mvua za kwanza zilipoanguka Geita uvimbe ukarudi. Masanja aliponiona nakaa upande alitoka nje akakaa kizingitini.

Safari ya pili ya Shinyanga nilikwenda peke yangu. Yeye alikuwa na zamu. Mama Paskali naye nilimkuta amerudi. Daktari alinikata tena, lakini safari hii aliishia katikati. Alikuwa Mzungu mzee mwenye Kiswahili cha taratibu, na alikaa kando ya kitanda changu, jambo ambalo hakuzoea kulifanya.

"Njia moja nimeifungua," alisema. "Ya pili ni ya ndani sana. Inapita katika nyama inayofunga haja. Nikiikata yote mara moja, unaweza kupona upesi. Lakini pengine ile nyama haitafunga tena."

"Nitakuwa najichafua?"

"Pengine. Siwezi kukuahidi." Kisha akaeleza kwamba naweza pia kuiacha ilivyo, nifue vitambaa maisha yangu yote na kupasuliwa kila jipu linapojaa. Au anaweza kupitisha uzi wa hariri ndani ya njia ile, aufunge kama pete, na kuukaza kidogo kidogo. Uzi utakata polepole, na nyama itakuwa inashikana nyuma yake. "Lakini ni kazi ndefu. Lazima ukae karibu na hospitali."

Mama Paskali aliambiwa maneno yaleyale. Jioni tuliyajadili tukiwa juu ya makarai yetu.

"Mimi nina watoto wengi na mume asiyejua kupika," alisema. "Nikae na uzi matakoni mpaka lini? Akate, niende nyumbani."

"Ngoja kwanza tuone," nilisema.

"Tuone nini?"

Sikumjibu. Jibu langu ni hili: nilitaka aanze yeye. Sikumshauri akatwe, wala sikumshauri asikatwe. Nilinyamaza nikangoja kama mtu aliyemtanguliza mwenzake kuvuka mto ili ajue kina chake.

Alikatwa. Kidonda chake kilipona vizuri kuliko changu, wauguzi wakamsifu. Siku moja tukiwa tumekaa kwenye benchi la kungojea dawa aliinuka ghafla akatoka. Nilimkuta nyuma ya jengo akijisafisha kwa majani.

"Sikusikia hata inakuja," aliniambia. Hakulia. "Nimepona, Kabula, lakini kanisani sitakwenda tena."

Siku ya pili yake nilimwambia daktari nataka uzi. Mama Paskali alipoondoka kwenda Runzewe alinipa karai lake jipya, akasema yeye hana haja nalo. Nilishindwa kumtazama machoni. Yeye alidhani ni huzuni ya kuagana.

Uzi ulikuwa mweusi, mwembamba, wenye fundo gumu lililonikwaruza nilipotembea. Nilihamia katika vibanda vya wagonjwa na jamaa zao, nyuma ya hospitali. Kila baada ya majuma kadhaa nililala juu ya meza, daktari akaukaza, na siku zilizofuata nilitembea kwa hatua za kinyonga. Usaha ulitoka zaidi kuliko awali, kwa kuwa uzi uliiacha njia wazi ujitoe wenyewe. Niliambiwa hiyo ni heri, na kweli homa haikurudi tena. Nilianza kupima wakati kwa kukazwa: barua ya Masanja ilifika baada ya kukazwa mara ya pili, mahindi ya jirani yakatoa ndevu kabla ya kukazwa mara ya nne. Kibandani tulipika zamu kwa zamu, wagonjwa na wasio wagonjwa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini ananuka. Yupo mwanamke aliyeniwekea michembe kila nilipotoka mezani, viazi vitamu vilivyokaushwa, alivyovichemsha na karanga. Sikuwahi kumwomba.

Kiangazi Ngolo alimleta Limi kuniona. Mtoto alikuwa anakimbia, anaongea, amenyolewa vizuri na kupakwa mafuta. Ngolo alimsukuma mbele taratibu.

"Msalimie mama yako."

"Shikamoo," Limi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa."

Alikuja hatua mbili. Akasimama. Kisha akageuka, akaficha pua katika kanga ya Ngolo akasema kwa Kisukuma, kwa sauti iliyosikika kibanda kizima, "Mayu, huyu ananuka."

Mayu ni mama. Sijui ni neno lipi kati ya yale lililonipiga zaidi. Ngolo alimzaba kibao cha matako, mtoto akalia, nami nikasema, "Usimpige. Kasema kweli." Wakati wanaaga nilimshika Ngolo mkono. "Wifi, usimlete tena. Nitakuja mwenyewe nikipona."

"Mtoto husahau, Kabula."

"Usimlete."

Ngolo alikuwa mtu wa kushika neno. Hakumleta. Mvua zilipoanza, mbuga za udongo mweusi zikafunga njia ya Mhunze, na hata salamu zikakatika.

Uzi ulitoka wenyewe asubuhi moja nikiwa kwenye karai. Nilihisi kitu kimelegea, nikatazama, nikaona kipete cheusi kikielea katika maji ya chumvi. Nilikiokota nikakimbia nacho kwa daktari nikiwa sijajifunga kanga sawasawa. Alinipima, akaniagiza nikohoe, nikaze, nilegeze. Akacheka. Nilirudi Geita, nikangoja viangazi vitatu vipite ndipo nilipoamini. Upepo hunitoka wakati mwingine bila kuniaga, na haja ikinishika sina muda wa kupiga soga. Hayo tu. Vitambaa nilivichoma.

Nilikwenda Mhunze nimevaa kanga mpya. Meno ya mbele ya Limi yalikuwa yameanza kung'oka. Alinikaribisha kigoda, akaniletea maji ya kunawa akipiga magoti kama anavyofundishwa mtoto mwenye adabu mbele ya mgeni. Nilikaa. Nilikaa sawasawa, kwa matako yote mawili, na pale ndipo nilipojua kwamba nimepona.

Jikoni nilimsikia akinong'ona, "Mayu, mgeni anaondoka lini?"

Nilipomwambia nimekuja kumchukua mtoto, Ngolo hakubishana nami. Alifunga nguo za Limi katika kitambaa, akaongeza michembe ya njiani. Asubuhi ya kuondoka nilimtafuta nimuage nikaambiwa amekwisha kwenda shamba. Shamba lilikuwa tupu, mavuno yamepita.

Ndani ya lori Limi alilia akiita "Mayu! Mayu!" Nikamkumbatia nikasema, "Niko hapa." Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Siyo wewe."

Geita alikaa nasi mvua zote za mwaka ule. Alikuwa mtiifu. Alifagia, alichota maji kwa kibuyu, alimwamkia baba yake. Hakucheka. Chakula alikigusa tu, na mchana alikaa kando ya barabara ya malori. Mbavu zikaanza kuonekana. Nilimpikia uji wa uwele, nikamsuka, nikamwimbia. Yote aliyapokea kwa adabu.

"Mtoto huyu anaumwa," Masanja aliniambia.

"Mwilini hana kitu. Nimemtazama."

"Anamtaka mama yake," alisema, kisha akashtuka kwa neno lililomtoka. "Samahani, Mama Limi."

"Usiombe samahani. Nitamrudisha."

Wengine watasema nilikosea kumchukua, wengine watasema nilikosea kumrudisha. Mimi nimeyasema yote mawili katika moyo wangu. Nilimnyang'anya mwanamke asiye na mtoto mtoto mmoja aliyemlea, na mtoto nikamnyang'anya mama mmoja anayemjua, ili nijione kwamba kweli nimepona.

Tulipokaribia Mhunze Limi alichomoka mkononi mwangu akakimbia. Ngolo alikuwa anapalilia. Alitupa jembe. Sikuwahi kumwona mwanamke yule akilia kabla ya siku hiyo.

Nililala kwake siku chache. Limi alikula mpaka tumbo likawa ngoma. Siku ya lori alinisindikiza mpaka barabarani, yeye peke yake, kwa kutumwa na Ngolo. Nilikwisha panda, nimeupata ubao wa kukalia, aliponiita kutoka chini. Kwa mara ya kwanza hakusema "wewe".

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Bado unaumwa?"

"Hapana. Nimepona."

Alifikiri, ulimi ukicheza katika pengo la meno. "Sasa kwa nini unaniacha?"

Utingo alikuwa anagonga bati la lori, watu wakisukumana kupata nafasi. Miaka yote nilikuwa na jibu tayari: naumwa. Nikamwambia utingo anishushie mzigo wangu.

"Mama, umelipa nauli, hairudi," alisema.

"Isirudi."

Ngolo alituona tunakuja, akanyoosha shingo kutazama nyuma yetu kama gari limeharibika. Nikamwambia, "Wifi, naomba kukaa. Nilale popote. Mtoto ni wako, sikuja kumchukua."

Akauliza, "Masanja je?"

"Nitampelekea salamu. Mkataba wake ukiisha atakuja, au atanikasirikia."

Ngolo hakusema karibu, wala hakusema hapana. Aliingia jikoni. Nikasikia anafungua chungu cha unga, anachota, kisha anachota tena. Limi alikuwa amekaa kizingitini kati yetu, anachezea kamba ya mzigo wangu, akijaribu kuifungua.